Mjadala: Binti Aende Chuo Gani cha Ufundi?

MZAZI: Sitaki kuzunguka, kwa kuwa jambo lenyewe lina muda wake, na muda unakwisha. Binti yangu amemaliza kidato cha nne, na daraja alilolipata halimpeleki kidato cha tano. Ninayo akiba niliyoikusanya kwa biashara ya vitenge, si nyingi, na ikipotea hairudi. Na mbele yangu zimewekwa njia tatu, ambazo kila mwenye njia ananiapia kuwa yake ndiyo iliyonyooka. Iko ya chuo cha serikali cha ufundi stadi, ambacho fomu zake hungojewa mpaka Agosti au Septemba na masomo yake huanza Januari. Iko ya chuo cha mtu binafsi kilicho hapa mtaani petu, ghorofani juu ya duka la dawa, kinachoahidi cheti kwa miezi sita na kupokea wanafunzi mwezi wowote. Na iko ya karakana ya kaka yangu huyu, asiyetaka fomu wala ada. Moyo wangu, niseme kweli, umeelekea kwenye miezi sita. Anayeniona nimepotoka na anioneshe nilipopotokea.

FUNDI: Dada yangu, kwa kuwa karakana yangu umeitaja mwisho, mimi nitaanza nayo. Mageti na madirisha mengi ya Ngamiani, hapa Tanga, yalitoka katika mikono yangu au katika mikono ya vijana niliowafunza, na katika vijana hao hakuna hata mmoja aliyelipa ada. Mwanagenzi kwangu huanza kwa kufagia, kisha husugua kutu, kisha humshikia chuma mwenzake anayechomelea, kisha hugonga mavi ya chuma ili mshono uonekane. Na siku anayokabidhiwa mashine, jicho lake limekwisha kuona mishono mingi kuliko itakayoonwa na mwanafunzi wa chuo katika mihula miwili. Fauka ya hayo, kwangu hujifunza mteja, yaani yule anayetaka geti kwa bei ya jana ilhali bei ya nondo imepanda leo, na yule anayelipa nusu akatoweka, na yule anayerudi baada ya mwaka kwa kuwa bawaba haikulia wala kuteremka. Chuoni kijana huchomelea vipande viwili vya chuma visivyokuwa vya mtu, na akiviharibu hapana anayeumia. Kwangu akiharibu, chuma ni changu, hasira ya mteja ni juu yangu, na aibu ni yetu sote wawili. Aibu hiyo ndiyo iliyonifunza mimi, na sijaona mtihani unaoishinda.

MWALIMU: Hapana mtu mwenye insafu atakayekana kuwa karakana hufunza, wala mimi sitakuwa wa kwanza, kwa maana nami kabla ya kuwa mwalimu wa chuo cha ufundi nilikuwa saidia fundi. Walakini uanagenzi wa mtaani, kama ulivyo leo katika miji yetu, hauna mkataba, hauna mtaala, wala hauna siku ya mwisho. Kijana huingia akiwa na miaka 16, na umri wa miaka 22 humkuta bado anashikia chuma, kwa sababu mwenye karakana anapata faida zaidi kwa kumwacha awe msaidizi kuliko kwa kumfanya fundi atakayefungua kibanda chake ng'ambo ya barabara. Tena hufunzwa kile tu ambacho wateja wa wiki hiyo wamekileta: wakileta mageti, atajua mageti, asijue kusoma mchoro, asijue kukadiria vifaa kabla ya kutaja bei, wala asijue kwa nini mshono uliojipamba kwa nje huweza kuwa mtupu kwa ndani. Mimi humwambia mwanafunzi wa muhula wa kwanza akate mshono wake mwenyewe kwa msumeno, aupige tupa mpaka ung'ae, kisha autazame. Pale ambapo chuma kimeshikana na chuma, maungio hayaonekani tena. Na pale ambapo moto ulikuwa mdogo au mkono ulikuwa na haraka, mstari mweusi mwembamba kama unywele umebaki katikati, nao ndio utakaopasuka siku moja chini ya mzigo. Nakuuliza kwa heshima, Fundi: ni lini wewe ulipomkatia mwanagenzi geti la mteja ili aone ndani?

FUNDI: Geti la mteja halikatwi, na wewe walijua hilo. Lakini nami nina swali langu, Mwalimu, na nijibiwe kwa heshima hiyo hiyo. Kila mwaka mimi huletewa wahitimu wa vyuo, wa serikali na wa watu binafsi, wakiomba nafasi. Cheti ni safi, kimetiwa ndani ya nailoni, kina muhuri. Nikimpa mashine, kijiti kinamganda kwenye chuma, anakivuta mpaka kinavunjika, anawasha tena, kinaganda tena. Nikimwuliza amemaliza vijiti vingapi chuoni, ananijibu kuwa vijiti vilikuwa vya kugawana, na kwamba siku nyingi walikuwa wakiandika maelezo kuhusu kuchomelea. Ikiwa cheti ni ushahidi, basi kile kilishuhudia nini?

MWALIMU: Hapo umelenga palipo na jeraha, nami sitalifunika. Vifaa vya mazoezi huliwa na mazoezi: kijiti kilichokwisha hakirudi, waya uliokatwa vipande vipande haufai tena nyumba ya mtu, na mbao iliyokosewa kipimo huwa kuni. Chuo chochote kikipungukiwa na fedha, jambo la kwanza kupunguzwa ni hilo, kwa sababu halionekani katika picha za mahafali. Kwa hiyo mimi simwambii mama huyu achague chuo cha serikali kwa kuwa tu ni cha serikali, bali namwambia kwamba unafuu wake una asili inayojulikana. Ada iliyotangazwa kwa miaka mingi katika vyuo vya serikali vya VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ni shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa mwanafunzi wa bweni, nayo imewezekana kuwa ndogo kwa sababu waajiri hutozwa tozo ya kuendeleza ujuzi, na sehemu ya tozo hiyo imesaidia kuendesha vyuo tangu Mamlaka ilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Chuo kisichokuwa na auni hiyo sharti kiishi kwa ada ya wanafunzi peke yake, na mwenye kuishi kwa ada peke yake hushawishika kuongeza vichwa na kupunguza vijiti. Viko vyuo vya mashirika ya dini vilivyolishinda jaribu hilo, kama vile vya Wasalesiani wa Don Bosco huko Dodoma na Iringa, na mtu mwenye haki hana budi kuvitaja kwa wema. Lakini ni kwa sababu vina mfadhili nyuma yake na mila ndefu ya karakana, wala si kwa sababu ada huzaa zana zenyewe.

MZAZI: Ninyi mnazungumza juu ya vijiti, nami nazungumza juu ya mwaka. Mtihani ulikuwa Novemba, matokeo yakatoka Januari, fomu ni Agosti, kuanza ni Januari nyingine. Mwaka mzima msichana yuko nyumbani, na mwaka huo si mtupu: kila jamaa ana rai, posa zinabisha hodi, na shangazi zake wameanza kuniuliza ninamngojesha nini. Tena fomu si nafasi. Waombaji ni wengi, na asiyechaguliwa amepoteza mwaka bila ya kupata kitu. Chuo cha hapa mtaani kitampokea kesho. Mkuu wake amenionesha cheti chenyewe, kina nembo na muhuri, akaniambia kuwa ni sawasawa na kile cha serikali. Kama ni sawasawa, kwa nini nimngojeshe mwanangu?

MWALIMU: Sawasawa kwa nani, mama? Mwajiri na mamlaka za leseni hutazama mambo mawili, yaani ni nani aliyekiandikisha chuo hicho, na ni nani aliyemtahini mwenye cheti. Uandikishaji wa vyuo vya ufundi na vya ufundi stadi sasa uko chini ya Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, ambalo watu hulijua kwa jina la NACTVET, na chuo kilichoandikishwa kina namba ya usajili ambayo hakioni haya kuitaja. Ama mitihani, tuzo ya taifa ya ufundi stadi ina ngazi tatu, ya kwanza, ya pili na ya tatu, na aghalabu kila ngazi huchukua mwaka. Juu yake huanza ngazi ya nne, ambayo ndiyo Astashahada ya Awali, nayo hudai ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Mwenye ngazi ya tatu na cheti chake cha kidato cha nne huweza kuipanda ngazi hiyo akaendelea mpaka stashahada. Kozi ya miezi sita si haramu, na sisi wenyewe tunazo kozi fupi za kila namna, kwa mtu mzima anayetaka kujua jambo moja akarudi kazini kwake. Lakini hati ya kozi fupi hushuhudia kwamba mtu alikuwapo, na haimhesabii ngazi. Mpeleke binti kwa miezi sita ikiwa unataka ajue jambo moja. Ikiwa unataka apate pa kusimamia, hapo si mahali pake, hata muhuri ukiwa wa dhahabu.

MZAZI: Basi kwa nini hayo hayaandikwi langoni? Kwa nini mzazi alipie kwanza ndipo aelezwe? Mimi sikusoma sana, lakini sikuzaliwa jana. Nilimwuliza mkuu yule kuhusu usajili, akanijibu kuwa "uko njiani". Sasa naona njia hiyo ilikuwa ndefu.

BINTI: Kwa idhini yenu, Mama, Mjomba, na wewe Mwalimu. Mnanisemea, nami nashukuru, lakini bado hamjaniuliza nataka nini. Mimi nataka umeme wa majumbani. Na kabla ya kutaka nilikwenda kutazama, bila ya Mama kujua, naomba radhi kwa hilo. Chuo cha ghorofani nilikwenda na rafiki yangu anayesoma pale. Darasa lina viti vizuri na feni. Ubao wa mazoezi ni mmoja, umepigiliwa ukutani, una swichi mbili, taa, soketi na saketi breka, na waya zake zimekwisha kuunganishwa. Mwalimu huonesha kwa kijiti, nao wanachora. Nikamwuliza rafiki yangu kama amepata kuufungua na kuufunga upya, akasema hawathubutu, kwa kuwa wakiuharibu hawana mwingine. Ana miezi minne pale, na hajamenya waya hata mmoja kwa plaizi iliyo mkononi mwake. Kisha nikaenda chuo cha serikali. Kule kuna kuta za mbao, kila wanafunzi wawili ukuta wao. Niliwakuta wakifunga taa ya ngazi, ile inayowashwa chini na kuzimwa juu, na walipomaliza mwalimu akawaamuru watoke nje, akaficha hitilafu, akawaita waitafute kwa testa na mita. Msichana mmoja aliipata kabla ya wavulana wote. Lakini nisifiche: mashine mbili za chumba cha pili zilikuwa zimefunikwa turubai, na nilipouliza niliambiwa kuwa zimeharibika tangu mwaka uliopita.

MZAZI: Umeme! Mwanangu, umeme unaua. Ushonaji una ubaya gani? Upishi una ubaya gani? Hoteli zinajengwa, na mpishi hapandi juu ya dari.

BINTI: Mama, mtu hufa kwa umeme uliofungwa na asiyejua, na wengi wao ni watu waliokuwa wamekaa tu ndani ya nyumba zao. Cherehani ninazijua, umenifunza wewe mwenyewe, nami sitaziacha. Lakini hesabu mafundi cherehani walio katika barabara yetu, kisha uhesabu mafundi umeme wanawake.

FUNDI: Juu ya umeme, mpwa wangu, nitasema neno ambalo dada yangu hatalitarajia kutoka kwangu. Karakana haikutoshi. Mimi natengeneza geti, na hapana ofisi inayoniuliza nilisoma wapi. Geti likisimama, limesimama. Mwenye kutia waya katika nyumba ana sheria juu ya kichwa chake.

MWALIMU: Naam. Kazi ya ufungaji umeme ina leseni inayotolewa kwa madaraja na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na mwombaji wa leseni hudaiwa cheti cha mafunzo yanayotambuliwa. Na nyumba mpya, kabla ya shirika la umeme, TANESCO, kuipelekea umeme, hutakiwa iwe imefungwa waya na mkandarasi mwenye leseni, aliyetia sahihi yake. Asiye na karatasi hiyo atafanya kazi maisha yake yote chini ya sahihi ya mtu mwingine, na malipo yake yatapita kwanza katika mfuko wa mwenye sahihi. Kwa hiyo swali la chuo haliulizwi kabla ya swali la kazi. Mwenye kutaka useremala anaweza kusubiri cheti. Mwenye kutaka umeme hawezi.

FUNDI: Basi tukubaliane katika umeme, tugombane katika chuma, kwa sababu sitaki maneno haya yatoke hapa yakawavunje moyo vijana wangu. Bomba la mafuta linalotoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia hapa petu Chongoleani. Walipokuja kutafuta wachomeleaji, nilikwenda, na nilirudishwa langoni kwa kukosa karatasi, mimi ambaye mishono yangu ina miaka mingi na haijapasuka. Wakaingia vijana wenye vyeti. Hii ni haki?

MWALIMU: Si haki kwamba hukujaribiwa, ni haki kwamba uliulizwa. Mshono wa bomba la mafuta hupigwa picha ya eksirei, kwa kuwa ukivuja hauharibu geti la mtu mmoja bali huharibu maji na ardhi ya watu wasiokuwa na idadi, na mwenye mradi hawezi kuamini jina zuri la mtu katika barabara yake. Lakini kwa watu kama wewe njia ipo, na ninashangaa hukuipita: kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Watahini wa VETA humjia fundi mahali pake pa kazi, wakamtazama akifanya, wakampima, wakamfunza kwa muda mfupi yale wanayoyaona yamepungua, kisha wakamtunuku cheti kinacholingana na uwezo wake.

FUNDI: Ahaa! Sasa umeniletea silaha kwa mkono wako mwenyewe. Kama fundi aweza kutahiniwa karakanani kwake na kupewa cheti, kuna haja gani ya binti au mvulana yeyote kukaa darasani miaka miwili? Na aje kwangu, ajifunze kwa jasho, na baada ya miaka michache mumrasimishe. Kazi kwanza, karatasi baadaye.

MWALIMU: Urasimishaji hukipima kilichomo, Fundi, hauwezi kukitia kisichokuwamo. Uliwekwa kuwafidia waliokosa chuo, wala haukuwekwa ili vyuo vikoseshwe watu. Tena wewe ulifanikiwa kwa kuwa ni mtu wa akili na bidii. Je, wale uliokuwa nao uanagenzini, mliofagia pamoja, wako wapi leo? Nenda stendi ukawatazame. Kijana wa kawaida, asiyekuwa hodari kupita wenzake, ndiye anayehitaji mtaala, kwa maana hodari hujipenyeza popote.

FUNDI: Umenigusa pabaya, kwa sababu wawili kati yao ni bodaboda, na mmoja bado ananijia kuomba kibarua cha siku. Lakini usinifikishe mbali kuliko nilipo. Sikusema chuo hakifai. Nasema chuo pasipo karakana ya kweli ni maneno. Mji huu wa Tanga ulijua hivyo zamani: shule iliyofunguliwa hapa na Wajerumani mwaka 1892 haikufundisha kusoma na kuandika tu, ilifundisha na kazi za mikono, na gazeti la Kiongozi lililoanza mwaka 1904 lilichapwa hapa hapa na vijana wa hapa. Walikuwa watawala, na walitufundisha kwa manufaa yao, sikatai. Lakini aliyefundishwa kuchapa alichapa kweli.

MWALIMU: Na Waingereza baada yao, walipofungua shule za ufundi za Ifunda na Moshi katika miaka ya 1950, walimweka kijana miaka mitatu shuleni, kisha wakamtia kwa mwajiri miaka miwili ndipo akahesabiwa kuwa fundi. Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea, mwezi wa Machi mwaka 1967, alilaumu shule inayomtenga mtoto na kazi, na lawama hiyo ingali nzito. Mimi ningependa tuirudie ile miaka miwili ya kwa mwajiri. Wako waajiri leo wanaoshirikiana na vyuo katika uanagenzi wa namna hiyo, wiki za darasani na wiki za kazini, lakini nafasi zake ni chache kuliko vijana.

FUNDI: Chache kwa nini? Mbona mimi sijapata kuitwa? Mnampeleka mwanafunzi katika kampuni kubwa kwa majuma machache ya mafunzo kazini, huko anatumwa chai na kubeba mafaili, kisha kampuni inamjazia kitabu chake kwamba amejifunza. Na karakana mia za mji huu, ambazo kutwa kucha zinachoma, zinakata, zinapaka rangi, mnazipita kana kwamba hazipo! Mwanafunzi wenu mmoja akikaa kwangu likizo nzima, atatoka anajua kuwasha kijiti. Nitampa na nauli. Mmepata kuniuliza?

MWALIMU: Hatukukuuliza. Na sababu utakayoisikia ofisini ni kwamba karakana za mtaani hazina kumbukumbu za kazi, hazina vifaa vya usalama, wala hazina mtu wa kutia sahihi katika kitabu cha mwanafunzi. Ni sababu, lakini si udhuru.

BINTI: Mjomba, mimi nakupenda na umenilea, kwa hiyo nitalisema lisilosemwa. Karakana yako haina choo. Vijana wako huvua mashati yao nyuma ya lori bovu, na mimi nitavua wapi? Jioni wateja wengine huja wamelewa. Mama hakunikataza kuja kwako kwa sababu ya mtaala. Alinikataza kwa sababu hiyo, ila aliona haya kukuambia. Na mimi si msichana peke yangu katika mji huu anayeweza kushika mashine.

FUNDI: ... Hilo ni kweli, na nimelisikia. Choo hujengwa. Sikupata kulifikiri kwa kuwa sikupata kuwa na binti pale.

MZAZI: Asante, mwanangu, umenitoa mzigo. Lakini turudi katika mwaka unaopotea. Ikiwa miezi sita si ngazi, na chuo cha serikali hakifunguki mpaka Januari, na huenda asichaguliwe, mnanipa nini mimi leo? Mzazi haishi kwa hoja.

MWALIMU: Nakupa hivi. Usiweke tumaini katika fomu moja, wala katika wilaya moja. Vyuo vya serikali vinajengwa mpaka wilayani, na chuo kipya cha wilaya mara nyingi hakina msongamano kama cha mkoa. Vipo pia Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa tangu mwaka 1975 kwa kuiga mfano wa Sweden, kimojawapo kiko Handeni. Watu wa mjini huvidharau bure, ilhali hutoa mafunzo ya ufundi stadi, na katika vyuo hivyo wasichana waliozaa wamepokelewa pamoja na watoto wao, jambo ambalo shule zetu zilikuwa hazijalikubali kwa miaka mingi. Na hii miezi inayobaki isikae bure: ajifunze hesabu za umeme na Kiingereza cha vitabu vya ufundi, ambacho wengi huanguka kwacho si kwa kukosa ujuzi bali kwa kukosa kuelewa swali.

FUNDI: Na aje kwangu asubuhi, saa mbili hadi saa sita, wateja walevi hawajaamka bado. Hatachomelea. Yuko fundi umeme mwenye leseni anayefunga nyumba za Raskazone, ni rafiki yangu wa tangu utotoni na ana mke anayefanya naye kazi. Nitamwomba binti awafuate, apitishe waya katika mabomba na kuchimba njia za ukutani kwa patasi. Atakapoingia chuoni atakuwa amekwisha kushika nyundo. Lakini nami nina sharti, Mwalimu: atakapopelekwa mafunzo kazini, asipelekwe kutumwa chai. Mje mtuulize sisi.

MWALIMU: Kwa upande wangu nitalipeleka sharti lako ofisini. Lakini nawe uwe na daftari la kazi, lenye tarehe na jina la kila aliyefunzwa na alichofunzwa, na ngao za uso zitoshe kila aliyesimama karibu na moto. Bila ya hayo nitarudishwa ofisini kama wewe ulivyorudishwa langoni.

FUNDI: Daftari nitalinunua. Na baada ya cheti? Fundi asiye na zana ni mtembezi tu. Plaizi, bisibisi za kila namna, testa, mita, drili, ngazi: hizo si fedha ndogo. Nimewaona wahitimu wakiuza simu zao ili wanunue drili.

BINTI: Halmashauri hutenga sehemu kumi katika mia ya mapato yake ya ndani, nne za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu, kwa mikopo isiyokuwa na riba. Lakini hupewa vikundi. Yule msichana aliyeipata hitilafu amekwisha kuniambia kuwa wanatafuta mtu wa tano wa kikundi chao.

MZAZI: Naona mmekwisha kupanga maisha yake, na yeye amekwisha kuyapanga kabla yenu. Basi nisikilizeni. Fomu za serikali tutachukua mbili, ya hapa na ya wilaya ya jirani. Asubuhi atafuatana na huyo mke wa fundi umeme, si na fundi mwenyewe, na kaka yangu atanipeleka kwanza nikamwone mama huyo kwao. Asipochaguliwa, tutakwenda Handeni. Na fedha hii ya vitenge haitoki mkononi mwangu, kwa chuo chochote, cha serikali au cha mtu binafsi, mpaka niwe nimeipata namba ya usajili na kuithibitisha kwa Baraza, na nimeingia karakanani siku ya masomo, nikaona kwa macho yangu wanafunzi wangapi wanagawana ukuta mmoja. Yule mkuu wa ghorofani alitaka nilipe nusu Ijumaa hii. Ijumaa hii silipi.